Nazi ya Jumatatu

Juzi niliitwa shuleni kwa mjukuu wangu, huko Ukunda. Mamake yuko kazini hotelini, na hoteli haijui mkutano wa wazazi, kwa hivyo nikajifunga leso zangu nikaenda mimi. Nilikaa mbele kabisa, maana masikio yangu siku hizi hayapendi viti vya nyuma. Mwalimu mwenyewe binti mdogo, lakini akisimama mbele za watu, husimama. Akatueleza masharti mapya ya chakula. Hakuna krispi. Hakuna soda, wala zile juisi zenye rangi ya kutilia leso. Achari na mabuyu ya langoni, nayo marufuku. Mtoto abebe tunda, au muhogo wa kuchemsha, au yai, na chupa ya maji. Mchana atakula cha shule, sahani moja kwa wote, tajiri na maskini.

Wazazi wakaanza kunong'ona. Mama mmoja kijana, wa kutoka bara, kucha zake ndefu nyekundu, akasema, "Ticha, mtoi wangu bila krispi hakuli kitu. Atalia hapa mpaka mnipigie simu."

"Tutakupigia, mama," mwalimu akamjibu kwa adabu. "Tutakupigia kukwambia ameshakula."

Watu wakacheka. Kisha akanigeukia mimi. "Bibi, shikamoo. Wewe una swali?"

Nikamwambia marahaba, ninalo moja tu. "Hicho chakula cha mchana, kitakuwa na nazi?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Walidhani ni mzaha wa kizee. Mimi sikucheka. Swali hilo, mwenzangu, nusura linitoe shuleni nilipokuwa kigori, na nikiwa nimekaa pale kwenye kiti cha plastiki, mwalimu akiendelea na maneno yake, mimi nilikuwa nimeshaondoka zamani.

Shule yetu ilikuwa upande wa Msambweni. Nyumba mbili za udongo na moja ya mawe, na bati lake mvua ikinyesha lilipiga kelele hata mwalimu akaacha kusema, akabaki kututazama tu. Ua ulikuwa wa minyaa. Saa nne kengele ikilia, sote mbio mpaka uani, kwa sababu upande wa pili alikaa mama wa karai. Ah, mama wa karai! Jirani yetu huyo, mwanamke mwenye mwili wake, kigoda kikilia akikikalia. Muhogo wake aliukaanga mpaka ukafunga ganda nje, ndani ukabaki laini kama unga, kisha akaupasua kwa kisu, akautia chumvi ya pilipili, akaukamulia ndimu. Mpaka leo nikisikia mafuta yakichekea muhogo, mate hunijaa. Alikuwa pia na achari ya embe, na mabuyu mekundu yaliyotupaka ndimi rangi. Mwalimu wa hesabu hakuwa na haja ya kututafuta. Aliingia akasema tu, "Toeni ndimi," akajua nani alikuwa akitafuna.

Sheria za chakula tulizozijua ni mbili: usile darasani, na usivuke ua. Na hatukuvuka. Tulipenyeza mikono tu kati ya minyaa, tukairudisha imejaa muhogo, na utomvu wa minyaa umetukaukia vidoleni. Bibi yangu akiiona mikono ile alisema, "Tamaa haina macho."

Shida ilikuwa saa sita. Watoto wa karibu walikwenda kwao wakala, wakarudi saa nane. Sisi wa mbali, wa kule mikokoni kuelekea Bodo, tukienda haturudi. Njia ndefu, jua linauma, na ukifika nyumbani waambiwa chota maji, pepeta mchele, wafukuze kuku. Na alasiri ndiyo iliyokuwa ya kusoma na kuandika. Mimi alasiri sikuwa nayo. Mwisho wa mwaka nikarudishwa darasa.

Bibi yangu ndiye aliyenilea. Hakunipiga wala hakunigombeza. Alinitazama tu akasema, "Nakupa mwaka mmoja. Ukirudishwa tena, utakaa hapa tusuke makuti sote wawili." Na bibi hakuwa mtu wa kutisha. Bibi alikuwa mtu wa kusema, halafu ikawa.

Nami niliipenda shule. Sikuipenda kwa akili, maana sikuwa na akili nyingi. Niliipenda kwa harufu ya chaki, kwa kuimba asubuhi, na kwa kuwa pale hakuna aliyenituma maji.

Ndipo chakula kikaja. Siku moja lori liliingia likateremsha magunia ya mahindi ya manjano na maharagwe, na madebe ya mafuta ya kupikia, na mwalimu mkuu akatupanga mistari akatwambia kuanzia sasa mchana tutakula shuleni. Kila mtoto aje na sahani yake na kijiko chake. Kila mtoto aje na kuni moja. Kunawa kabla ya kula. Kula hapahapa, hakuna kubeba nyumbani. Na la mwisho akalisema polepole, kidole juu: kisimwagwe. Chakula kikimwagwa, magunia yatapelekwa shule nyingine yenye njaa zaidi.

Niliruka, mwenzangu. Nilirudi nyumbani nikiimba njia nzima. Alasiri yangu nimeipata!

Mpishi akaja, mama mmoja Mkristo wa kutoka bara, mmoja wa waliohamia kwenye skimu, yale mashamba waliyogawiwa na serikali. Mwanamke mpole, mikono yake mikubwa, kitambaa cheupe kichwani. Akapika ile pure, mahindi na maharagwe, ambayo yeye aliiita githeri, kwa chumvi na kitunguu na yale mafuta ya debe. Akapika kwa moyo wake wote. Akatupakulia mpaka sahani zikafanya kichuguu.

Tukaketi. Tukaonja. Tukatazamana.

Niliyekaa naye deski moja alikuwa binti wa mama wa karai, na mdomo wake ulimkaanga mtu kuliko mamake alivyoukaanga muhogo. Ndiye aliyeanza. "Jamani, hii ni chukuchuku!"

Chukuchuku kwetu ni chakula kisichotiwa nazi. Mgonjwa hupikiwa hicho, akipona husahau. Mtoto wa pwani ameanza kula nazi tumboni mwa mamake: wali wa nazi, kunde za nazi, samaki wa nazi, hata majani ya muhogo kwa nazi. Kumpa pure kavu ni kama kumpa maji ya kuoshea vyombo.

"Nani anaumwa hapa?" akauliza mmoja.

"Hiki ni cha jela," akasema mwingine. "Sisi tumeiba nini?"

Na watoto wa skimu, wachache waliokuwa kati yetu, walikuwa wanakula huku wanatucheka. "Leteni huku basi! Mwaringa nini?"

Chakula kikaenda nyuma ya ua. Kuku wa kijiji kizima walijua saa sita kuliko sisi; walikuwa wamejipanga pale kabla kengele haijalia. Wakanenepa kuku wale, wakawa hawataki kukimbia hata ukiwarushia jiwe. Mama wa karai naye, biashara yake iliyokuwa ya saa nne tu ikawa ya saa nne na ya saa sita.

Mimi nilikula. Nilikula nikatafuna nikameza, kwa sababu nilijua kilicho upande wa pili wa sahani ile: makuti. Binti wa mama wa karai alinikejeli kila siku. "Mla chukuchuku! Kesho atakula na gunia lenyewe." Nikamjibu, "Nitakula, na sahani yako nitailamba." Lakini mtoto mmoja hawezi kula sufuria ya shule nzima.

Alhamisi moja mwalimu mkuu akasimama mbele yetu, na siku hiyo hakuinua kidole. Alisema kwa sauti ya mtu aliyechoka. Habari za kuku zimefika kwa wakubwa. Jumatatu anakuja mkaguzi kuangalia kama chakula chaliwa. Kikiwa hakiliwi, magunia yatapakiwa lorini yapelekwe bara kavu, kwa watoto wasiochagua. "Na hao wakubwa sitawalaumu," akasema.

Nilifika nyumbani ninalia. Bibi alikuwa anapepeta mchele. Akanisikiliza mpaka mwisho, ungo haukusimama. "Pure bila nazi," akasema. "Hata mimi ningewapa kuku."

"Bibi, watanirudisha darasa!"

"Nyamaza kwanza. Machozi hayapiki."

Asubuhi yake aliandamana nami shuleni, mbuzi ya kukunia nazi kichwani, nazi mbili kwenye mkoba. Mwalimu mkuu alimkaribisha kibarazani, akamwamkia, shikamoo, marahaba, habari za nyumbani, za watoto, za kuku. Hapo kwenye kuku bibi akamkata. "Kuku ndio walionileta. Mwalimu, watoto hawa hawamdharau Mungu wala serikali. Wanataka nazi."

Mwalimu mkuu alifikiri. Hakuwa mtu wa kuharakishwa. Akasema, "Bibi, hakuna sharti linalokataza nazi. Ila liko moja linalotaka watoto wote wale sawa. Leo waleta wewe. Kesho?"

"Kesho naleta mimi tena."

"Na kesho kutwa? Ukiumwa?"

Bibi akazitazama nazi zake mbili mkobani. Mwalimu mkuu akatabasamu, akamshika mkono. "Haiwezi kuwa nazi ya mtu mmoja. Iwe ya shule." Na siku hiyohiyo akatoa sharti jipya: kila Jumatatu kila mtoto aje na nazi. Wa skimu, wasiokuwa na minazi, waje na kuni ya pili, au ndimu.

Jumatatu ile sitaisahau. Njia zote zilijaa watoto wenye nazi, wengine kichwani, wengine wakizisukuma kwa miguu kama mpira. Nusu walileta koroma, nazi ambazo hazijakomaa, maana usiku wa kuamkia siku hiyo mtoto hachagui, hupopoa chochote kilicho juu. Bibi alikaa mlangoni akazigonga moja moja kwa ukucha. "Hii koroma. Hii koroma. Hii nazi. Wewe, hii umeitoa mnazi wa nani?" Mtoto akainama chini. "Nauona mnazi wako ni wa jirani. Weka hapo, Mungu amsamehe jirani."

Kina mama wakaja na mbuzi zao, wakajipanga kibarazani. Unajua sauti ya mbuzi moja ikikuna nazi? Basi mbuzi nyingi pamoja ni kama mvua inayokuja kwa upande. Sisi darasani tulikuwa tunasoma, lakini hakuna aliyekuwa anasoma. Wakakama tui, wakalichuja kwa vifumbu. Tui zito la kwanza wakalitia kwenye ndoo ndogo, tui jepesi kwenye ndoo kubwa. Bibi akamwelekeza mpishi: jepesi lichemke na mahindi, zito lingoje mpaka mwisho, moto ukishapunguzwa, na lisiachwe kukorogwa. Mpishi akaitikia ndiyo, mama, nimesikia, mama. Bibi akaenda kisimani na wenzake kuosha vifumbu.

Lakini mpishi alikuwa na hofu. Mahindi yale ya manjano yalikuwa magumu kama kokoto, mkaguzi yuko njiani, na yeye aliona kama chakula kikikataliwa tena, utakuwa umekataliwa mkono wake. Akasema moyoni, kama nazi ndiyo wanayoitaka, waipate yote. Akamimina ndoo zote mbili kwa pamoja, akasukumia kuni ndani, moto ukapanda.

Mimi nilikaa karibu na dirisha. Niliisikia harufu ikigeuka. Kwanza ilikuwa ya nazi, tamu, mpaka darasa zima likainua pua. Kisha ikawa ya mafuta. Kisha ikawa ya kitu kinachoshika chini.

Bibi akarudi, akafunua sufuria. "Mama weee! Umenikatia tui!"

"Nimeharibu?" mpishi akauliza.

"Umeharibu," bibi akasema. Bibi hakujua kumdanganya mtu hata kwa kumliwaza.

Tui lilikuwa limekatika kabisa. Juu mafuta yanaelea yanang'aa, chini mahindi yameshikana na sufuria. Mpishi akakaa kwenye kuni akajifunika uso kwa aproni. Nilidhani bibi atamaliza kumkaanga. Badala yake akaketi kando yake, akamfunua ile aproni. "Nyanyuka, mwanangu. Chakula kilichoharibika hupakuliwa kikiwa moto. Kikipoa ndipo husema."

Kengele ikalia. Tukanawa, tukapanga mstari. Mbele yangu alikuwa binti wa mama wa karai, shingo imenyooka, mdomo umeshawekwa tayari. Akapakuliwa. Akanusa. Akatia kijiko kinywani, nami nikafumba macho nikingojea neno.

Neno halikuja. Nikafumbua. Alikuwa ametia cha pili, na cha tatu.

"Ina nini hii?" akaniuliza, kinywa kimejaa.

Mwenzangu, sijui nikueleze vipi. Yale mafuta ya nazi yalikuwa yameingia ndani ya kila punje. Mahindi yalikuwa yamelainika, maharagwe yamevurugika, na chumvi imekaa pale pake. Na hiyo haikuwa habari yenyewe. Habari yenyewe ilikuwa chini. Mpishi alipofika mwisho, akakwangua kwa mwiko, ukabanduka ukoko mmoja mpana kama mkeka, wa kahawia, unanuka nazi ya kukaangwa. Akamkatia mtoto wa kwanza kipande. Mtoto akatafuna, tukasikia ko-ko-ko.

Mstari ukafa. Watoto wa pwani, watoto wa skimu, wakubwa, wadogo, sote tukaizunguka sufuria tukisukumana kwa viwiko. "Nipe mimi!" "Mwenzio ameshapata!" "Toka, wewe umekula chakula cha kuku mwaka mzima!" Mpishi anacheka anapiga mikono kwa mwiko. Mwalimu mkuu anapiga debe turudi mstarini, nani asikie?

Hapo ndipo mkaguzi alipotokea. Mtu mwembamba, miwani, viatu vimejaa vumbi jekundu. Akasimama akatazama vita ile. "Niliambiwa hapa chakula hakiliwi," akasema.

"Hakikuliwa, bwana," mwalimu mkuu akasema, jasho linamtoka. "Mpaka leo."

Mkaguzi akaomba aonje. Bibi akampa kipande cha ukoko juu ya kifuniko cha sufuria. Akatafuna. Akavua miwani akaifuta, akatafuna tena. Akauliza kama kiko kingine.

"Hakuna," bibi akamwambia. "Ungekuja mapema."

Magunia hayakuondoka. Kila Jumatatu tukaleta nazi, na mbuzi zikalia kibarazani. Mpishi alijifunza tui zito na tui jepesi hata akamshinda bibi, na bibi naye akajifunza kwake kuroweka maharagwe tangu jioni. Ijumaa tu ndiyo aliyoachiwa mpishi aiunguze pure makusudi, kwa ajili ya ukoko, na Ijumaa hakuna mtoto aliyekosa shule hata mwenye homa. Mama wa karai naye, mwalimu mkuu alimwita ndani ya ua akampa masharti yake: muhogo ufunikwe, nzi asitue, na mabuyu ya rangi ayaache. Alinuna siku mbili tatu, kisha akaja na achari ya embe, akawa anaiuza kando ya pure, na binti yake akanigawia bila kuombwa. Hiyo ndiyo samahani yake, kwa sababu mdomo ule kwa maneno matamu ulikuwa haujazoea.

Na alasiri nikaipata. Niliketi pale saa nane, tumbo limejaa, usingizi unanivuta kope, na herufi zikaingia moja moja mpaka zikakaa. Sikurudishwa darasa tena. Niliishia la sita, maana bibi aliugua nikarudi kumuuguza, lakini ninayoyaandika hapa nayaandika kwa herufi zile za alasiri, na sijutii hata moja.

Shule ile imejengwa upya, ina vioo madirishani. Minazi mingi ya kandokando imekatwa pakajengwa nyumba za kupangisha, na nazi yenyewe siku hizi huletwa dukani ikiwa ndani ya pakiti, imeshakamwa na watu nisiowajua. Mpishi alirudi kwao bara uzeeni, tukaagana kwa machozi na gunia la nazi. Bibi yuko kwa Mola wake. Binti wa mama wa karai yuko Wasini, ana wajukuu wengi kuliko wangu, na ananishinda kusema mpaka leo.

Mimi nimewahi kulikata tui makusudi, jikoni kwangu, zaidi ya mara moja. Lakatika vizuri, latoa mafuta, lashika chini kama siku ile. Mara ya mwisho wajukuu walikuwa wamekwenda madrasa. Ukoko ukabanduka mzima, wa kahawia, nikautia kwenye sahani nikaketi nao. Nikangoja kidogo, sijui nilikuwa nangoja nini. Hakuna aliyenisukuma kiwiko. Basi nikavunja kipande, nikala polepole, kwa adabu, kama mgeni.